Mama, Jani Lako Limesomwa

Mama yangu wa Khwisero,

Jani la muhogo ulilolikausha ndani ya kitabu chako cha nyimbo, nikalikuta baada ya kukuzika, limesomwa. Majibu yamenifikia leo hapa maabara, Kakamega.

Unakumbuka vijiti vya muhogo nilivyokuletea kutoka kwa mama mkwe, Matungu, mwaka nilioolewa? Kwetu mbegu ya mkwe haikataliwi. Uliipokea kwa vigelegele, ukaipanda pamoja na muhogo wa bibi, uliokuwa na madoa yake ya miaka yote lakini ukitushibisha vizuri tu.

Msimu uliofuata majani yalikunjamana kama ngumi. Nikasema ni jua. Wewe ulipita mstari kwa mstari ukiyafunua, nzi weupe wakiruka, kisha ukasimama katikati ya shamba.

"Hii ugonjwa si ya kwetu, na si ya Matungu. Hizo mbili zimekutana hapa, zikazaa."

Nilicheka, Mama. Wewe ukang'oa shamba zima, hata muhogo wa bibi, ukachoma. Majirani walipouliza ugonjwa umetoka wapi, ukawajibu, "Upepo ndio ililetanga." Mwaka ule tulikula obusuma, ugali wetu, wa mahindi matupu, na hukuninung'unikia hata siku moja.

Sasa sikia. Virusi viwili viliingia mmea mmoja, vikabadilishana vipande vya jeni, kikazaliwa cha tatu kikali kuliko wazazi wake. Tena huyo mtoto hakuwazidi kwa urefu, kwa maana ganda la kirusi ni dogo mno: kipande kikiingia, kingine lazima kitoke. Niliposoma hapo nikakusikia ukipanga mzigo wa soko. "Kikapu hainenepangi, mwanangu. Ukiweka ndizi, toa viazi."

Na uliishia darasa la nne! Mimi nimehitaji mashine na miaka ya chuo kufika pale uliposimama na jembe. Najivunia wewe mpaka machozi.

Lakini kuna jambo sikukwambia. Vijiti vile vilikuwa na majani yenye madoa. Niliyaona, nikaona haya kumkatalia mama mkwe, nikayapukuta njiani kabla sijafika kwako. Nadhani ulijua.

Kwenye fomu ya jani, palipoulizwa nani aliyeutambua ugonjwa kwanza, nimeandika jina lako. Palipoulizwa ugonjwa ulifikaje shambani, sikuandika upepo. Nimeandika langu.

Pumzika, Mama.

Binti yako, mleta vijiti