Chumba cha Zenoni

West Side, Buffalo
Machi 13, 2016

Kwa kaka yangu mpendwa Ruta,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Louisville, pamoja na wifi yangu Kamikazi na watoto. Je, mgongo umepoa tangu wakuondoe kwenye mizigo mizito huko ghalani? Mimi ni mzima, ila usingizi umeniruka, na barua hii itakueleza kwa nini. Naiandika kwa sababu kwenye simu ungenicheka.

Mama hajambo huko Hilliard kwa shangazi Nyirabeza. Lakini alikataa kuja kwenye nyumba tuliyomnunulia, na kosa lilikuwa langu.

Unajua chuoni nasomea ukadiriaji wa gharama za ujenzi: unapima jengo, unahesabu mbao, misumari na siku za mafundi, kisha unasema kazi itagharimu kiasi gani kabla hata nyundo haijainuliwa. Mwalimu alitaka kila mmoja akadirie ukarabati wa nyumba halisi. Nikachagua hii yetu, maana naishi humu peke yangu nikimngoja Mama. Nyuma ya jiko palikuwa na kijichumba chembamba kisicho na kazi. Nikakifuta kwenye mchoro ili jiko lipanuke, na fundi Karoli, yule Mrundi wa kanisani, akaja akabomoa ukuta. Nilijivuna, sikufichi.

Nilipompigia Mama kumweleza, aliuliza jambo moja tu: "Bon, na Zenoni atalala wapi?"

Unaijua desturi yake. Tangu ndugu yetu atupotee siku ile tulipokimbia kuelekea Burundi, Mama hajawahi kukaa mahali bila kumtandikia. Kambini ulikuwa mkeka. Hilliard ni kitanda kizima ambacho mgeni haruhusiwi hata kukikalia. Husema mtu akirudi akakuta hana pa kulala, ataondoka tena. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamjibu kwamba Zenoni halali popote. Alikata simu. Tangu hapo akawa ananijibu kupitia kwa shangazi.

Baadaye nilipima nyumba upya kwa ajili ya ripoti. Katika kazi yetu, upana wa nje ukiondoa unene wa kuta lazima ulingane na wa ndani. Haukulingana. Ndani palipungua, na upungufu ulikuwa pale pale palipokuwa na kijichumba. Nikamwita Trevor, Mkenya ninayesoma naye, kijana asiyeamini hata utabiri wa theluji. Alicheka, akasema problem ni tape yangu ya bei rahisi, akaleta yake. Akapima, akarudia, kisha akakumbuka ana basi la kuwahi.

Karoli ndiye aliyenitia baridi kabisa. Alirudi kumalizia sakafu, akaniuliza kwa upole kama nimeona tunavyopita jikoni. Sikumwelewa. Akanionyesha: kila tufikapo pale palipokuwa na ukuta tunageuza bega, kama mtu anayepenya mlango mwembamba. Yeye, mimi, hata Trevor. Nilijaribu kupita bila kugeuka, miguu ikakataa. Nilicheka, lakini kicheko kilitoka vibaya.

Na si hilo tu. Mwanzoni pengo lilikuwa dogo, la kutosha kumlaza mtoto. Nalipima kila nitokapo darasani, na linakua. Jana mchana nilikuta meza ya jikoni imegusa ukuta ambao juzi haikuufikia, na sikuwa nimeisogeza.

Naogopa, Ruta. Lakini kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Nilipomjibu Mama vile, si kwamba nilikuwa nimeacha kumngoja Zenoni. Namngoja mno. Kila nikisikia Kiswahili cha kwetu kwenye basi, nageuka kutazama uso. Nilikifuta kile chumba ili nipumzike.

Basi nimemwambia Karoli aujenge tena ukuta. Siku alipovuta kamba pale utakapopita, nilipima pande zote mbili, na hesabu ikakaa sawa, pengo likihesabiwa kuwa chumba cha Zenoni. Nikampigia Mama. Alilia, akasema atakuja Pasaka.

Sasa Karoli anatengeneza kitanda na anataka urefu wake. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Wewe ndiye uliyekuwa ukisimama na Zenoni mgongo kwa mgongo mkishindana kimo, na nilikaa kukuandikia ili uniambie alikuwa akikufika wapi. Kisha nikainuka, nikalipima pengo tena: sasa linatosha kumlaza mtu mzima. Usiniambie, kaka. Simama ukutani, Kamikazi aweke alama juu ya kichwa chako, unitumie kimo hicho. Zenoni amekua.

Nibusie watoto, na wewe utunze mgongo huo. Sisi wa nyumba hii tunakusalimu sana.

Dada yako mdogo,
Isaro