Wanadhani Nina Demu

Mtoni, Jumanne. Mwezi wa nane tangu nitoke Newala.

Leo tena nimeongea na yule mshauri nasaha wa kwenye simu. Nilipanda ghorofa ya juu ya jengo tunalojenga, ambayo haina ukuta bado, maana chumbani tunalala wanne. Mudi, saidia fundi mwenzangu, akanikuta nafuta macho.

"Braza, huyo demu wa Sinza atakuua."

Nikacheka naye. Ni rahisi kuliko kusema namlilia mwanangu.

Mshauri ana sauti ya kisichana, ila mie namwamkiaga shikamoo. Akaniuliza jina la mtoto. Nilipigiwa simu wameshamzika, na msimamizi akaninyima ruhusa ya kwenda nyumbani. Tangu hapo jina lake sijalitamka.

"Na mama yake mnaongea?"

"Namtumia hela ya matumizi."

"Sijauliza hela, kaka."

Tulipoagana nikampigia mke wangu, Asha. Nikasema "Asha", basi, kilio.

"Kumbe na wewe unalia," akasema. "Nilijua nalia peke yangu."

Ijumaa tunamwaga zege. Jumamosi napanda basi, ruhusa wanipe wasinipe. Amesema atanisubiri, twende wote kaburini.