Mashine Yangu ya Kubangulia Korosho

Kijiji cha Chiungutwa,
Masasi.
21 Novemba, 1976

Mpendwa kaka Edmund,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko Tanga, pamoja na wifi na watoto. Je, kile kifua kimekuachia? Sisi hatujambo. Mama anatembea vizuri, na mvua za kwanza zimeshalainisha ardhi. Jirani zetu wakimbizi wa ng'ambo ya Ruvuma walirudi kwao Msumbiji walipopata uhuru, na nyumba walizoacha zinatutia upweke kidogo.

Kaka, nina habari. Unajua mafuta ya ganda la korosho yanavyotubabua vidole wakati wa kubangua. Basi nimetengeneza mashine! Ni kibao chenye visu viwili vya chuma cha springi ya lori, vinavyovutwa na pedali niliyoing'oa kwenye baiskeli ya shemeji yako. Alinuna, kisha akanisaidia kuifunga. Unakanyaga, ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima. Mwanzoni vilivunjika vingi. Yuliana na wenzake walivila mpaka wakakinai.

Niliificha jikoni chini ya mkeka, lakini maneno hayafungwi kamba. Akaja Rajabu, fundi baiskeli wa Masasi mjini. Akaizunguka, akaipapasa, akasema, "Mama Yuliana, niachie nikawaonyeshe wakubwa Dar es Salaam. Mwanamke wa kijijini nani atamsikiliza?" Neno hilo lilinichoma, maana niliona kama lina ukweli. Nilikaribia kumpa. Nikamwambia arudi baada ya Jumapili.

Mama alipopata habari, akaniambia, "Mwanangu, ukiificha, atakayeitoa nje ndiye atakayeitwa mwenyewe. Ipeleke mbele za watu."

Nikaibeba kichwani hadi mkutano wa kijiji, siku aliyokuja bwana shamba wa wilaya. Wanaume wakacheka, mmoja akauliza kama nimeleta cherehani. Nikaketi nikabangua. Kisha nikamwita Dominika, mke wa mwenyekiti, ambaye vidole vyake vilikuwa malengelenge matupu. Akabangua bakuli zima, akainua mikono watu waione. Hakuna tone la mafuta. Kicheko kikafa.

Mwenyekiti akatangaza kwamba sasa ni mashine ya kijiji. Nikasimama tena. "Ndugu Mwenyekiti, itumieni wote, sikatai. Lakini atakayeuliza aliyeibuni ni nani, atajiwe Bibiana." Kaka, vigelegele vilivyopigwa! Bwana shamba akasema lake moja tu: niende nayo mwenyewe kwenye maonyesho ya mkoa, na gari atatafuta yeye.

Rajabu aliporudi alikuta akina mama wamepanga foleni. Alisimama kando akiwatazama, kisha akaniuliza kama nahitaji mtu wa kunikatia vyuma. Nilimkubali, kwa kuwa mkono wake ni mzuri. Ila visu navifunga mwenyewe, mlango nimeurudishia.

Nina furaha, kaka. Jana nilikula ugali kwa mkono usiouma, katikati ya msimu wa korosho. Sikumbuki lini niliwahi kufanya hivyo.

Mama anakubariki, na anasema mwakani uje na wajukuu zake wote. Shemeji yako na Yuliana wanakusalimu. Nisalimie wifi Mabel na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Bibiana