Khamis, Samaki Wamegeuka Rangi

Mpendwa Khamis, uliyekuwa mume wangu,

Natumai umzima huko Unguja. Mimi nipo huku ugenini, bado mtaa ule ule wa Najma, chumba kile kile nyuma ya duka la vipuri. Nakuandikia habari za wale samaki wetu wa mapambo, kwa kuwa wewe ndiye uliyewataka na mimi ndiye niliyebaki nao.

Unakumbuka asubuhi ile dume alipokuwa akimfukuza jike ndani ya tangi pale uani, maji yakiruka mpaka kwenye nguo nilizoanika? Nilidhani wanapigana, nikakuita uwatenganishe. Ulitoka na kikoi, ukachungulia, ukacheka. "Waache, wanaoana hao," ulisema. Ukachukua mopu mpya niliyoinunua kwa ajili ya chumba, ukaichovya nyuzi zake humo tangini. Jioni mopu ilikuwa imejaa mayai madogo kama punje za mtama, yanapitisha mwanga. Ukaihamishia kwenye beseni langu la kufulia, kwa kuwa wazazi, ulisema, watayala mayai yao wenyewe bila ya haya.

Basi nikawa nafua ndani ya ndoo.

Walipoanguliwa walikuwa kama kope zilizonata ukutani mwa beseni. Ulichemsha yai, ukakamua kiini kwenye kitambaa cha shela yangu ya zamani, ukawapa tone moja moja. Maji ya mfereji uliyaacha yakae siku nzima kwanza, dawa itoke. Sijawahi kukuona makini namna ile, hata ukiendesha gari la tajiri wako.

Wakakua. Lakini rangi hawana. Wazazi wao wekundu kama kaa la moto, wao rangi ya tope. Otieno, yule jirani yetu mlinzi kutoka Kisumu, alikuwa akipita kwenda zamu anachungulia beseni na kutikisa kichwa. "Khamis, hizi ni omena bana, dagaa tu. Leta mafuta tukaange."

"Subiri," ulimwambia. "Wote huzaliwa hivi. Rangi huja baadaye, na huanzia tumboni."

Kila ukirudi kazini ulipiga magoti pale, ukamweka mmoja kwenye gilasi, ukamwinua kwenye mwanga kumtazama tumbo. Hakuna kitu. Unamrudisha.

Kisha tajiri wako akahama nchi na familia yake, na kazi yako ikaisha. Ulitaka turudi nyumbani sote wawili. Mimi wakati huo ndiyo kwanza nimepewa usimamizi wa chumba cha dobi pale hotelini, baada ya miaka ya kukunja mashuka ya watu. Tulizungumza wiki nyingi, bila ya kupigiana kelele, na nadhani ndiyo maana ilichukua muda mrefu.

"Mke hukaa na mumewe," ulisema.

"Na mume naye hukaa na mkewe," nilikujibu.

Hapakuwa na wa tatu wa kulaumiwa. Uliniacha kwa talaka moja, kwa adabu, mbele ya mashahidi, ukafunga sanduku. Mlangoni uligeuka, nikadhani utasema jambo. Ulisema, "Usiwatupe. Bado hawajageuka."

Sikuwatupa. Joto lilipoingia niliwahamishia chumbani, upande wako wa kitanda, penye nafasi. Nilikuwa nikigandisha chupa za maji na kuziweka zielee humo beseni linapopata moto umeme ukikatika. Siku moja nikaona mmoja ameanza kuwa mweusi, mweusi wa sufuria, mgongoni mpaka mapezini. Otieno akasema huyo keshakufa, ila hajaambiwa. Nilishika simu nikupigie. Nikaiweka. Nilikwenda kwa muuza samaki kule sokoni, nikamwonyesha picha. Akasema si ugonjwa. Wengi hupita kwenye weusi kwanza, nisimwekee dawa yoyote.

Kweli. Tumbo lake likaanza umanjano hafifu, kama maji yaliyooshewa bizari. Ukapanda mbavuni. Weusi ukawa unarudi nyuma kidogo kidogo, ukabaki kwenye ncha za mapezi na mdomoni, halafu siku moja nimetoka kazini nikaukuta haupo. Mwekundu mtupu. Wenzake wakamfuata, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja aliupita wekundu akawa mweupe kabisa. Na wachache wamebaki na tope lao. Muuza samaki anasema hao huenda wakabaki hivyo maisha yao yote. Wanakula vizuri. Nimewaweka pamoja na wengine.

Siku ile nilipomkuta wa kwanza ni mwekundu mtupu, nilisimama na mkoba begani, viatu sijavua, nikasema kwa sauti, "Khamis, njoo uone." Ndipo nikakumbuka.

Wiki iliyopita shangazi yako alinipigia. Alisema unataka tufunge ndoa upya, kwamba nyumba umeshaipaka chokaa, na kilichobaki ni mimi kurudi. Alizungumza kwa upole sana, nami nilimsikiliza mpaka mwisho. Nilimuuliza kama wewe unaweza kuja huku. Akasema hilo hukulisema.

Nimemjibu kwamba sirudi. Naipenda kazi yangu, Khamis. Napenda wasichana wa zamu yangu wanaponiita "mama" na kuniuliza la kufanya, na mimi ninajua la kufanya. Kwako ningekuwa mke mwema anayehesabu alichokiacha, na ungeliona hilo usoni mwangu kila asubuhi.

Shangazi aliniuliza kama nina neno jengine la kukufikishia. Nilimwambia hilo nitaliandika mwenyewe. Neno lenyewe ni hili: nilikuwa na furaha na wewe, wala haikuwa ya kujilazimisha. Oa, upate mtu wa kukaa naye kwenye nyumba hiyo. Usiniwekee nafasi.

Nakuombea kheri,
Uliyemwacha kwa wema,
Zuwena