Baba Ana Adabu Siku Hizi

Jeongeup, Novemba

Kaka yangu Gi-tae,

Pokea salamu za mdogo wako Bok-hui, ambaye hajui kama utaifungua bahasha hii au utaitupa ukiona tu muhuri wa posta ya kwetu. Wifi hajambo? Watoto je? Nasikia upepo wa Busan mwaka huu unaingia hadi mifupani, basi wavisheni vizuri. Mimi mzima, ila vidole vinanuka kitunguu saumu hata nikioga, maana bado nawamenyea wenye mikahawa ya sokoni. Kabichi za achari yetu ya kimchi nimeshazitia chumvi. Nitakutumia ndoo moja, ule hata kama umetununia.

Habari yenyewe ni ya Baba. Najua uliapa hutakanyaga hapa akiwa hai, nami sikulaumu. Magoti yaliyokaa kwenye theluji ni yako, si yangu. Lakini baba uliyemkimbia hayupo tena. Aliyebaki anavaa soksi mikononi, ananiita mama, na akitoka nje anarudishwa na polisi. Maji yamenifika shingoni, Kaka.

Kiangazi alimwaga supu ya mwani kwenye beseni zima la vitunguu nilivyokwisha kumenya. Nikampigia kelele. Naye alikwenda ukutani, akapiga magoti, akanyoosha mikono juu mpaka ikabana masikio, vile vile alivyokuwa akikuweka wewe. Nikamuuliza nani kamwambia afanye hivyo. Akanijibu kwa sauti ya kitoto kwamba babake akimkuta ameshusha, adhabu itaanza upya. Kumbe naye aliwekwa! Miaka yote ile hakutuambia hata siku moja. Nililia, nikamshusha mikono, nikamkanda mabega hadi akasinzia.

Ningependa barua iishie hapo, ujue kwamba naye aliumizwa, basi. Lakini juzi Mama Dal-su wa jirani alikuja kunisaidia kabichi, akashangaa nyumba ilivyo kimya. Unamjua mdomo wake. “We Bok-hui, umempa nini huyu mzee? Si huyu aliyekuwa anatukana mpaka mbwa wetu? Leo katulia kama bibi harusi! Baba yako ana adabu siku hizi, hebu niazime hiyo dawa nikampe mume wangu.” Nikacheka naye.

Tulipofungua pipa la mchele, tukakuta suruali za Baba zilizolowa mkojo, kazifukia chini kabisa. Mama Dal-su akaziba pua, akasema mzee mjanja huyo. Mimi nikakukumbuka wewe. Pamoja na adhabu zote zile hukuacha kuvunja vyombo. Uliacha kusema tu, ukawa unafukia vigae nyuma ya choo huku mimi nikikulindia mlango. Baba alijisifu kwa watu kwamba mwanawe amenyooka.

Dawa yenyewe ni hii, Kaka. Namwambia, “Mikono juu.” Basi. Siku ile ya supu nililia kweli, lakini siku chache baadaye alipong'ang'ania kutoka nje na watu wa mikahawa wanasubiri mzigo, maneno yakanitoka, naye akatii papo hapo. Hakuna kidonge cha daktari kilichowahi kufanya kazi haraka namna hiyo. Mwanzo nilimwadhibu kwa kutoroka, kisha kwa kumwaga chakula, sasa hata kwa kuniuliza swali lile lile. Yeye hajajifunza lolote ila kuficha suruali. Aliyejifunza ni mimi. Kila akinyamaza, mimi ndiye ninayepata zawadi, na kesho yake naitaka tena.

Jana mikono ilimtetemeka vibaya, machozi yakamtoka, akaniuliza, “Mama, nishushe?” Nilikuwa na kikombe cha chai ya shayiri mkononi. Nilimsikia vizuri. Nikamaliza chai yangu kwanza. Wala sikuwa na hasira, na hilo ndilo linalonitisha. Nilikuwa naona raha ya ule ukimya.

Sikuombi umsamehe. Mchukue, mtafutie nyumba ya wazee, au njoo tu ukae hapa uniangalie mimi. Lolote kati ya hayo nitakubali. Mimi ndiye niliyekuwa mpole katika nyumba hii, wewe mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo, na angalia nilipofika.

Mpe wifi salamu zangu, wabusu watoto, usiwaambie haya. Na ukipiga simu ukaambiwa na mtu yeyote kwamba mzee ametulia, usishukuru. Panda treni.

Ni mimi dada yako,
Bok-hui