Mashine ya Lubega, Selotepu ya Fortunato

Nyakuron, Juba
2 Februari 2014

Kwako Shemeji Lubega,

Salamu nyingi. Habari za Kampala? Dada yangu Lilly na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, kama neno hilo bado lina kazi. Risasi za Desemba zimenyamaza mjini na soko la Jebel limefunguliwa.

Shemeji, nakuuliza bila kuzunguka: mashine ya kuunganisha filamu iko wapi? Asubuhi ile ulipokimbilia basi la Waganda, mwenzetu Fortunato alidhani umebeba nguo. Alipofika stoo akakuta meza tupu. Kukimbia sikulaumu, hata mimi ningekuwa na pasi ya Uganda ningekimbia. Lakini mtu gani anakimbia vita anaacha godoro, anabeba chuma cha ofisi?

Hali ya filamu zile za kumbukumbu ya nchi unaijua. Mwaka wa uhuru tulizitoa sisi watatu kwenye hema bovu, zimejaa vumbi na mavi ya panya, na ukizigusa tu zinakatika. Sasa Fortunato anaziunganisha kwa wembe na selotepu ya dukani kwa Milly, huku akijua kabisa kwamba gundi ile itazila. Anasema afadhali zishikane vibaya kuliko vipande vipotee. Anakusalimu. Mimi ningekutukana, ila namheshimu dada yangu.

Irudishe.

Shemeji yako,
Virginia


Kampala
19 Aprili 2014

Mpendwa Shemeji Virginia,

Nimepata barua, asante. Sisi hatujambo, Mungu ni mwema. Lilly anakusalimu sana na anauliza kama miguu bado inakuvimba.

Kuhusu mashine, wala usiseme hivyo. Nimeihifadhi tu. Ingebaki huko wangeiuza chuma chakavu. Hapa iko salama ndani ya kabati la kioo, kwenye studio yangu mpya ya video za harusi. Hali ikitulia nitaileta mwenyewe. Mwambie Fortunato asubiri, yeye ni mtu wa subira. Na apunguze kushinda stoo. Filamu si watoto wake.

Shemeji yako akupendaye,
Lubega


Nyakuron, Juba
7 Agosti 2016

Shemeji Lubega,

Hamjambo? Barua zangu nne hukuzijibu. Hii utaijibu.

Fortunato amekufa.

Mwezi jana vita vilirudi, na safari hii vilipita Jebel, mbele ya stoo yetu. Bomu likatoboa paa, na mvua ya Julai unaijua. Fortunato alikuwa kwake, salama, Teresina mkewe amemshika shati asitoke. Akatoka na turubai. Akazifunika filamu zote, akafunga mlango, na alipokuwa getini anarudi nyumbani akapigwa risasi. Tumemzika tukiwa watu wachache kwa sababu barabara zilifungwa.

Sasa barabara zimefunguka, wakubwa wamejaa matangani. Yule mkurugenzi wetu, aliyekuwa haingii stoo kwa sababu harufu ya siki ya filamu zinazooza inamuudhi, amelia matangani mpaka akaletewa kiti. Eti tumepoteza nguzo. Nguzo! Alipokuwa hai walimwita mzee wa takataka. Aliomba feni ya kupunguza joto stoo, wakamnyima. Feni hiyo iko ofisini kwa mkurugenzi, inapepea kitambi.

Desemba tutafanya karama, ile sala na chakula cha kufunga matanga. Teresina anataka jambo moja tu: ionyeshwe filamu ambayo mumewe alikuwa akiishughulikia, ya watu wa zamani wakipokea meli bandarini hapa Juba. Lakini selotepu imeyeyuka, mkanda unagandana, na tukiuendesha hivi hivi utachanika wote. Lete mashine. Kama huna aibu kwangu, ona aibu kwa mjane.

Virginia


Kampala
1 Oktoba 2016

Mpendwa Shemeji Virginia,

Poleni sana, sana. Nimelia. Lilly naye hali chakula vizuri tangu asikie habari. Pole zangu zimfikie mama Teresina.

Fortunato alikuwa nyota iliyoangaza taifa changa. Alikuwa simba wa kumbukumbu zetu, taa isiyozimika. Hayo na mengine nimeyaandika kwenye hotuba niliyoambatanisha. Naomba mkurugenzi aisome siku ya karama, na aseme imetoka kwa mtaalamu mwenzake aliyeko Kampala. Ni vizuri watu wajue tulianza pamoja.

Mashine tutaongea. Maharusi wanaipenda, wanapiga nayo picha.

Shemeji yako,
Lubega


Nyakuron, Juba
20 Oktoba 2016

Lubega,

Hamjambo. Hotuba nimeisoma.

Umekaa na mtu yule meza moja, mnakula sahani moja, halafu ulichoambulia ni nyota na simba? Hukumbuki alivyoimba vibaya akifanya kazi, mpaka tunamrushia vitambaa? Hukumbuki kila asubuhi alinusa mkebe mmoja mmoja ajue upi umeanza kuoza? Teresina alikuwa akimfukuza chumbani kwa kunuka siki. Huyo ndiye aliyekufa. Huyo wako simjui, na sidhani kama amewahi kuzaliwa.

Maharusi wanapiga nayo picha! Ptu! Mwenzako alichanjwa na wembe vidole vyote ili wewe uwe na pambo kabatini.

Nimeshamwandikia Lilly. Ufunguo wa kabati anajua unapouweka.

Virginia


Kampala
25 Novemba 2016

Shemeji,

Salamu. Dada yako amehamia chumba cha watoto na hapiki. Nimeona yaishe. Mashine nimempa Robinah, yule anayeleta ndizi huko, atafika wiki ijayo. Tafadhali siku ya karama itajwe imetoka kwa nani. Nafikiri hilo si ombi kubwa.

Lubega


Nyakuron, Juba
18 Desemba 2016

Shemeji Lubega,

Habari za huko? Mwambie Lilly sasa apike. Sisi wazima.

Robinah alifika na mashine nzima. Nimebandua stika ya studio yako. Nikakaa stoo nikitoa selotepu za Fortunato, nasafisha gundi kwa spiriti, naunganisha upya. Nilikulaani wewe, kisha nikamlaani na yeye, maana mkono wake ulikuwa mbovu, Mungu anisamehe. Selotepu imekaa upande, picha zimepishana. Nilicheka peke yangu, halafu nikalia vibaya.

Teresina akaniletea chai, akaona zile selotepu sakafuni. "Zote unatoa?"

Nikamwambia ndiyo mama, zinaila filamu.

"Moja niachie."

Nikamweleza tena habari ya gundi. Akanisogezea chai. Basi, khalas, moja nikaiacha palepale kwenye mkanda.

Juzi ndiyo ilikuwa karama. Tukasali, tukala, tukawasha jenereta na kutundika shuka. Mkurugenzi akajipa kiti cha mbele, kama kawaida yake. Picha ikaenda vizuri: meli inaingia, watu wanapunga mikono, wazee waliokuja wanaonyeshana nani ni babu ya nani. Mara picha ikaruka, kichwa cha mtu kikapotea, kikarudi.

Mkurugenzi akaguna, "Aa, hapo imeharibika."

Teresina akainuka nyuma kabisa. "Hapo ni Fortunato," akasema, na kila mtu akasikia.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wakataka irudishwe. Tukaonyesha tena, na kila ilipofika pale watu wazima na watoto waliita jina lake kwa pamoja, mpaka jenereta ikaisha mafuta.

Hotuba yako haikusomwa. Jina lako halikutajwa. Mashine yako imeunganisha vizuri mno, hakuna aliyeona ilipopita.

Shemeji yako,
Virginia