Gamba la Mpapura

Jumapili, 7 Machi 1971

Alawi kachagua gamba! Wiki nzima tumechimba Mpapura, tukapata vitu viwili: taya lisilo na jino hata moja, na kipande cha gamba la mfupa, kizuri mno. Ukitaka kumpa jina mnyama aliyetoweka, lazima uchague kipande kimoja. Jina linafungwa hapo daima; kipande kikikosewa, jina linakufa nacho.

Taya ni la kakakuona wa kale. Gamba ni la mamba! Magamba ya kakakuona ni kama kucha, yanaoza, hayageuki jiwe. Lakini Alawi, bwana mkubwa wa makumbusho, anawazia picha ya jarida tu. Nikamfungia gamba lake kwenye pamba, akaondoka nalo.

Jumanne, 9 Machi

Chai kwa Alawi, Shangani. Saumu, mkewe mpya baada yangu, anakaa chini ya mapazia niliyoshona mimi. Kauliza jina la mnyama. Alawi kacheka — eti tutaliona likichapwa. Kisha akamtazama Saumu. Nani asiyejua! Atampa mnyama jina la mkewe. Haya, bibi harusi na aitwe mamba.

Kaniuliza kama nina neno. Nikasema sina, gamba ni zuri. Taya kaniachia nilitunze maabara ya shule ninayofundisha. Ahsante!

Alhamisi, 9 Septemba

Jarida lenye jina limetoka! Alawi kapata simu ya maandishi toka Nairobi. Nakala bado iko njiani, mimi sikungoja. Nimewapostia wahariri makala yangu na picha za mamba: hakuna mnyama hapo, jina hilo lifutwe kabisa. Jioni nimekula samaki changu mzima peke yangu.

Jumatatu, 20 Septemba

Wahariri wamekubali. Toleo lijalo!

Nimempa Alawi hongera mara mbili, nione tu anavyotabasamu. Kaninunulia kanga, maskini.

Jumamosi, 2 Oktoba

Nakala imefika. Wameniita barazani kwao. Saumu kanishika mkono, sikujua kwa nini. Alawi kafungua ukurasa.

Mwanakombo. Mnyama kapewa jina la Mwanakombo. Mwanangu! Surua ilimchukua ana miaka mitatu, tukamzika Mikindani. Mimi na Alawi hatujamtaja tangu tuachane.

Alawi kasema wazo ni la Saumu. "Sasa halipotei tena, Zuhura. Hata sisi tukifa wataliita."

Kanipa kadi ya kufunga kwenye gamba. "Andika wewe, mama yake."

Nimeandika M. Nikasingizia kuumwa kichwa, nikaingia chumbani na mkoba wangu. Naandika haya kitandani kwao. Barua ya wahariri imo mkobani humu: jina lifutwe, toleo lijalo.

Saumu anabisha mlango. Anauliza kama aniletee maji.